Ukihamishiwa Rubaya, Tazama Mlima Kabla ya Kutazama Kodi



Ukurasa huu umezoea kuzungumza juu ya kofia, viatu vya mpira, kamba, na miti ya kushikilia shimo. Leo tutoke shimoni, twende nyumbani. Mfanyakazi yuko kazini saa nane au saa kumi. Saa zinazobaki yuko pale alipopanga. Tena kazini ana kapita wa kumpigia kelele: "Toka hapo, udongo huo ni mbaya!" Nyumbani hana kapita. Na mama watoto pamoja na watoto wako pale mchana na usiku, wala hawakupewa kofia.

Mwaka uliopita ndugu mmoja wa karakana, mtu wa Bukavu, alipata barua ya kuhamishiwa Rubaya. Akanijia na maswali mawili. Kodi ni dola ngapi kwa mwezi? Kutoka nyumbani mpaka kazini ni dakika ngapi? Ni maswali ya haki, na kila mtu mwenye mfuko mwepesi huyauliza. Lakini kwa maoni yangu yanatakiwa kuwa swali la tatu na la nne. La kwanza ni hili: juu ya nyumba hiyo kuna nini? La pili: chini yake kuna nini?

"Mzee," akaniambia, "mimi natafuta nyumba, wewe unanitajia mlima."

Ndiyo, namtajia mlima, kwa sababu Rubaya ni mlima mtupu. Mji wenyewe uko katikati ya vilima vya Masisi, na vilima vile ndivyo vyenye koltani: Bibatama, Luwowo, Gakombe, Koyi, Mataba, Gasasa. Wataalamu hukadiria kwamba karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia hutoka huku. Utajiri huo umeondolewa kwa sururu na maji. Miti ilikatwa, majani yakaondolewa, udongo ukafunguliwa kama kidonda, na kila mvua inapokunya kidonda hicho kinatoa damu nyekundu kuelekea bondeni. Na kando ya kidonda, mita chache tu, watu wamejenga. Mchimbaji anataka kuwa karibu na shimo lake, mbebaji karibu na mchimbaji, muuza fufu karibu na mbebaji, mwenye baa karibu na wote. Ndivyo kartie inavyozaliwa. Hakuna aliyeketi akachagua. Mmoja alisimamisha turubai, wengine wakafuata.

Tukumbuke tarehe 28 Januari 2026. Siku ile ya Jumatano mlima uliporomoka kwenye machimbo ya Rubaya, mvua ikiwa imelainisha udongo. Msemaji wa gavana aliyewekwa na AFC/M23, kundi lililouteka mji huo mwisho wa Aprili 2024, alitaja zaidi ya watu 200 waliokufa. Akasema kwamba miongoni mwao walikuwako wachimbaji, watoto, na akina mama wa soko. Naomba tusimame hapo kidogo. Tunapoandika juu ya ajali za mgodi tunamfikiria mtu mwenye sururu. Mama wa soko hakuwa na sururu. Mtoto hakuwa na sururu. Kosa lao lilikuwa mahali tu: walikuwa chini ya mlima saa mbaya. Kwa watu wa namna hiyo, kuchagua mahali ndiyo kofia peke yake waliyo nayo, na anayewachagulia mara nyingi ni baba mwenye kazi.

Zamani jambo hili halikuwa letu. Tangu miaka ya 1920, Union Minière kule Katanga ilianza kuwatuliza wafanyakazi kambini pamoja na wake zao. Huku Kivu na Maniema, SOMINKI iliyoundwa mwaka 1976 ilikuwa na kambi zake, mathalan Kamituga na Kalima. Ulipewa nyumba, ulipewa namba, hukuulizwa unapenda wapi. Wazee wengine bado wanasifu kambi, na wana sababu: maji yalifika, Bwana Afya alipita, choo kilikaguliwa. Mimi siililii kambi. Mtu mzima kuhesabiwa jioni kama ng'ombe si jambo la kutamani. Lakini tuseme ukweli: kambi ilikuwa na mtu mmoja aliyewajibika kutazama mlima. Leo mtu huyo hayuko. Basi ni wewe.

Unatazama nini? Panda juu ya nyumba, usiishie mlangoni. Mwenye nyumba atakuonyesha mabati mapya na sementi ya sebuleni; mshukuru, kisha mpite, panda mlimani mpaka upumue kwa shida. Tafuta ufa katika ardhi. Ufa mbaya haukimbii kwa mstari. Umepinda kama upinde, na ncha zake zinashuka pande mbili. Maana yake kipande chote kilicho ndani ya upinde ule kimeanza safari. Tazama miti na miti ya uzio: ikiinama yote upande mmoja, si upepo. Uliza majirani kama kijito au chemchemi imebadilika, imeanza kutoa tope, au imetokea mahali ambapo haikuwako. Ndani ya nyumba jaribu milango. Mlango uliofunga vizuri mwaka jana na leo unakwama kwenye sakafu huenda umevimba kwa unyevu, lakini huenda pia nyumba inateleza. Ishara hizi hazihitaji mtambo wala diploma. Bibi zetu waliolima Masisi walizijua kabla ya neno koltani kufika.

Halafu kiwanja chenyewe. Hapa kwetu milimani fundi hukata mlima kama mkate: udongo wa nyuma anautupa mbele, na kiwanja kinapata usawa. Nusu ya nyuma ni ardhi ya kweli. Nusu ya mbele ni udongo uliomwagwa, nao utaendelea kushuka miaka mingi. Nyumba iliyolala nusu huku na nusu kule hupasuka katikati, na ukitazama utaona ufa unashuka kutoka juu ya dirisha mpaka chini. Tena ukuta wa mlima uliokatwa nyuma ya nyumba ni jambo la kupima, si la kukadiria kwa jicho. Mimi natumia kipimo chepesi: ukuta ukiwa na urefu wa mita tatu, nyumba isiukaribie chini ya mita tatu. Wengi hujenga chumba cha watoto nyuma kabisa, ubavuni mwa ukuta ule, kwa sababu ni mahali patulivu. Wakati wa mvua ni mahali pabaya kuliko pote. Kama huna nyumba nyingine, basi angalau hamisha vitanda viende upande wa mbele miezi ya mvua kubwa, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba. Januari ya 2026 imetuonyesha kwamba hata kalenda hiyo si ya kuaminiwa sana.

Jambo ambalo watu wetu hawaliogopi vya kutosha ni lundo la mabaki. Mchanga uliooshwa, mawe yaliyotupwa, udongo wa juu ulioondolewa ili kufikia jiwe: yote yanamwagwa mahali penye nafasi, na mahali penye nafasi ni mteremkoni juu ya nyumba za watu. Shimo lina sura ya hatari. Lundo lina sura ya usingizi. Wasomaji wenye umri wangu huenda walisikia habari za Aberfan. Ni kijiji cha wachimbaji wa makaa ya mawe katika nchi ya Wales, Uingereza. Tarehe 21 Oktoba 1966, asubuhi, watoto wakiwa wameingia darasani, lundo la mabaki ya mgodi lililowekwa mlimani juu ya kijiji liliteleza likafunika shule. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Lundo lile lilikuwa limemwagwa juu ya chemchemi. Maji yalilowesha mabaki kutoka chini miaka mingi, na watu wa kijiji walikuwa wamekwisha kulalamika. Wale walikuwa na wahandisi, na barabara za lami, na serikali yenye nguvu. Sisi tuna mvua kubwa kuliko yao.

Kwa hiyo nasema waziwazi: usipange nyumba iliyo chini ya lundo la mabaki, hata ukipewa bure. Na lundo la zamani lililoota majani lisikudanganye. Majani ni blanketi tu.

Tushuke sasa bondeni, maana kuna wenzetu ambao wakisikia habari za mlima watakimbilia chini kabisa, penye usawa, karibu na mto. Bondeni nako kuna deni. Tarehe 4 Mei 2023, kule Kalehe katika Kivu ya Kusini, mvua ilikunya milimani na mito ikashuka na mawe na miti juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa. Ilikuwa siku ya soko. Vijiji vile vilikuwa vimejengwa mahali pazuri, penye usawa, karibu na ziwa na barabara. Ukitaka kujua kama bonde lako ni la namna hiyo, tazama mkondo wake wakati wa ukame. Kijito chembamba kama mkono kikiwa kimezungukwa na mawe makubwa ya mviringo, basi mawe yale hayakuletwa na malaika. Maji yaliyaleta, na maji yaleyale yatarudi. Uliza wazee yalifika wapi mara ya mwisho. Usiulize mwenye nyumba, muulize mzee asiye na nyumba ya kupangisha.

Mahali pazuri, kwa kawaida, ni kati: begani mwa kilima au mgongoni mwake, mbali na mikondo, penye majani na miti iliyosimama wima, na pasipo machimbo juu. Mahali kama hapo mara nyingi ni mbali na kazi, na kodi yake ni kubwa zaidi kwa sababu wafanya biashara wanapajua. Hapo ndipo ndugu yetu wa karakana alipokunja uso. "Mzee, nusu saa kwa miguu kwenda, nusu saa kurudi, na usiku kuna wezi na watu wenye silaha. Kule juu karibu na karieri natoka kitandani naingia kazini."

Sitamdharau mtu anayesema hivyo. Njia ya usiku ni hatari kweli, na dola kumi ni dola kumi. Lakini tuhesabu vizuri. Hatari ya njia unaikuta mara mbili kwa siku, unaweza kuipunguza kwa kwenda kundi zima, na inakukuta wewe mwenyewe ukiwa macho. Hatari ya mlima inakaa juu ya familia saa 24, inawakuta wamelala, na haipungui kwa wingi wa watu. Watu wakizidi, inazidi. Mimi ningechagua njia.

Karibu na karieri kuna mambo mengine ambayo hayaonekani. Mawe yanayobeba koltani huku yamejaa kwazi, na vumbi la kwazi linaloingia pafuni halitoki. Mfanyakazi analijua vumbi hilo kazini; ukipanga pembeni mwa mahali pa kusaga na kupepeta, mkeo na watoto wanalivuta nao, bila mshahara. Tazama upepo unatoka wapi mchana. Tazama majani ya migomba: yakiwa na unga mweupe au mwekundu, mapafu ya watu wa pale yana unga huohuo.

Tena kuna desturi ya kupanga chumba katika nyumba ya negosian, ambapo chumba cha pili ni depo ya mifuko. Kodi huwa nafuu, kwa sababu unakuwa mlinzi bila kujua. Nasema hapana, kwa sababu mbili. Koltani huwa na uraniamu na thoriamu kidogo ndani yake, ndiyo maana sheria za usafiri wa kimataifa huihesabu mara nyingi kama mzigo wenye mnururisho. Mfuko mmoja unaobebwa na kupita si jambo la kukukosesha usingizi; mifuko 50 nyuma ya ubao wa kitanda chako, mwaka mzima, katika chumba kisicho na hewa, ni jambo jingine. Sababu ya pili haihitaji sayansi. Watu wenye bunduki wakija usiku kutafuta mifuko, hawatauliza nani ni mpangaji.

Kolwezi wamelipa somo hili kwa ghali. Katika kartie ya Kasulo, mwaka 2014, mtu mmoja akichimba kwenye kiwanja chake alikuta madini ya kobalti. Habari ikaenea, na majirani wakaanza kuchimba ndani ya viwanja, wengine ndani ya nyumba, chini ya sakafu. Kartie ya watu ikageuka karieri na watu wakiwa bado humo. Uchunguzi wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven, uliotangazwa mwaka 2018, ulikuta kobalti nyingi katika vumbi la nyumba na katika mkojo wa wakaaji, na watoto ndio waliokuwa na zaidi. Watu wale hawakuhamia mgodini. Mgodi uliwahamia. Kwa hiyo ukipanga Rubaya, uliza pia kama jirani anachimba. Sauti ya sururu usiku chini ya ukuta wako ni taarifa ya kuhama.

Sasa maji na choo, nitapita haraka kwa sababu ukurasa huu umeyasema mara nyingi. Nenda ukaone chemchemi kwa macho yako, saa kumi na mbili asubuhi, wakati akina mama wamejipanga. Urefu wa mstari wao utakuambia ukweli kuliko mwenye nyumba. Kisha tazama vyoo viko upande gani. Choo kiwe chini ya chemchemi, si juu yake, na kiwe mbali nayo angalau mita 30. Katika kartie zilizojaa watu kwa haraka, wachimbaji pamoja na waliokimbia vita, kipindupindu hakichelewi. Wazee wa Goma hawajasahau Julai 1994, maelfu kwa maelfu wakifa katika wiki chache. Kama choo ni kimoja kwa nyumba kumi, usimlaumu mtoto anayekwenda kwenye migomba. Tafuta nyumba nyingine.

Na baridi. Mtu anayetoka Walikale, penye msitu na joto, akifika Rubaya anashangaa usiku. Anafunga dirisha, anaziba matundu kwa magazeti, anaingiza mbabula ndani na makala yanayowaka, analala. Asubuhi anakutwa amekufa na majirani wanatafuta mchawi. Mchawi ni hewa ya makala isiyo na rangi wala harufu, ambayo inaingia katika damu na kuzuia hewa nzuri. Ukitazama chumba, tazama kama dirisha linafunguka kweli, au ni picha ya dirisha tu. Blanketi la pili ni nafuu kuliko jeneza. Chumba cha turubai nacho kinaua kwa makala. Msidhani kwamba turubai linapitisha hewa.

Kuna wenzetu wengi ambao wameamua tofauti: wao wanalala Rubaya, familia inabaki Goma, penye shule na hospitali. Ni uamuzi wa busara mara nyingi, na mimi mwenyewe niliufuata miaka kadhaa. Lakini msifikiri kwamba mkiwapeleka Goma mmewaweka mbali na mlima. Goma nayo ina mlima wake. Nyiragongo ilishuka mjini tarehe 17 Januari 2002 ikapita katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 moto wake ukasimama Buhene, mlangoni mwa mji. Anayepanga upande wa kaskazini, Buhene na pande za uwanja wa ndege, ajue njia mbili za kutoka, moja ya kuelekea Sake na moja ya kuelekea mpaka, na mke wake azijue pia, maana siku hiyo wewe utakuwa Rubaya na simu haitapita.

Upande wa magharibi, kuelekea Mugunga, Bulengo na Lac Vert, kuna mazuku. Jina ni letu, na wataalamu wa dunia nzima wameliazima jinsi lilivyo. Ni hewa nzito itokayo ardhini, ileile inayotoka mdomoni tunapopumua lakini nyingi mno, nayo kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida inakaa katika mashimo na mabonde madogo kama maji yasiyoonekana. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, inajaa. Mtu mzima akisimama anaweza kupita salama, na mtoto anayetembea kando yake akaanguka. Ukionyeshwa kiwanja cha bei rahisi kilicho ndani ya shimo la mawe ya volkeno, tazama kama kuna ndege waliokufa, panya, au mbuzi aliyelala asiyeamka. Uliza majirani kwa neno lenyewe: "Hapa kuna mazuku?" Watakujibu bila kuficha. Ni kitu ambacho hata mwenye nyumba mwongo huona haya kukificha.

Jambo la njia ya kutoka linahusu pia ndugu wa Walikale. Pale Bisie, tangu mwanzo wa miaka ya 2000, maelfu ya wachimbaji walilala katika vibanda vya turubai kuzunguka mashimo ya kasiteriti, na kutoka hapo mpaka barabarani, upande wa Njingala, ilikuwa zaidi ya kilomita 30 kwa miguu ndani ya msitu. Mgonjwa alibebwa mgongoni. Wengi walifika barabarani wakiwa maiti. Mgodi wa kisasa ulipoanza kazi pale mwaka 2019 mambo yalibadilika, lakini Machi 2025, M23 walipokaribia mji wa Walikale, kampuni iliyoko Bisie ililazimika kuwaondoa wafanyakazi wake kwa muda. Waliokuwa na mipango waliondoka kwa mpango. Nyumba yoyote unayochagua, uliza: saa saba ya usiku, mke wangu akishikwa na uchungu wa kuzaa, tunapita wapi? Daraja likichukuliwa na maji, je? Nyumba yenye njia moja tu ni shimo lenye mlango mmoja, na sisi tunajua maoni ya ukurasa huu juu ya shimo lenye mlango mmoja.

Nimesema mengi juu ya kazi ya mpangaji. Sasa niseme juu ya kazi ya shirika, na wakubwa wasinikasirikie. Mfanyakazi anapewa barua Ijumaa, Jumatatu anatakiwa awe kazini Rubaya. Atatafuta nyumba saa ngapi? Jumapili jioni, katika mvua, akiongozwa na kijana wa pikipiki anayelipwa na mwenye nyumba. Halafu tunamlaumu kwamba alichagua vibaya! Naona ni haki kila anayehamishwa apewe wiki moja na mahali pa kulala pa muda, ili atafute mchana na kwa miguu. Naona pia kwamba mtu wa usalama anayejua kupima ukuta wa shimo apewe nusu siku kwenda kupima ukuta ulio nyuma ya nyumba ya mwenzake. Ni kazi ileile, udongo ni uleule. Na pesa za usafiri zitolewe kwa wanaokaa mbali, zisikatwe kwa hoja kwamba "nyumba ziko karibu na kazi." Zikikatwa, ni shirika lenyewe linalowapandisha watu kwenye mteremko, hata kama halikutia sahihi mahali popote.

Kuna watakaosema kwamba nyumba ya mtu ni mambo yake. Sawa, rangi ya pazia ni mambo yake. Lakini mtu aliyelala vibaya, anayesikiliza mvua usiku kucha akijiuliza kama ukuta utashika, anakuja kazini na macho mekundu na anashika winchi ambayo wewe unaitegemea. Hapo si mambo yake tena.

Ndugu yetu wa karakana, mwisho, alizunguka Rubaya siku nne. Nyumba ya kwanza ilikuwa chini ya lundo. Ya pili ilikuwa na ufa wa upinde juu yake, tena mwenye nyumba alikuwa ameuziba kwa sementi, kama mtu anayebandika plasta kwenye mguu uliovunjika. Ya tatu ilikuwa nzuri, lakini chumba cha pili kilikuwa na kufuli kubwa na harufu ya mifuko. Ya nne iko begani mwa kilima, nusu saa na dakika kidogo kutoka kazini, nyumba ya mbao na mabati, chemchemi iko juu na choo kiko chini. Kodi imezidi aliyotaka. Yeye na wenzake wanne wa zamu moja wanatembea pamoja usiku, na taa mbili. Mama watoto amefika na watoto watatu, na analalamika jambo moja tu: kwaya ya jirani, inayofanya mazoezi kila Alhamisi mpaka saa tano ya usiku. Hilo sikumwambia atazame.